Kamati ya wazazi ianze kazi kabla ugonjwa haujaja

Ndugu wasikilizaji wa Kizuka, Minago, Rumonge mjini, Kigwena hadi Nyanza-Lac, nanyi mnaotupata Baraka, ng'ambo ya ziwa, na Kigoma, leo tuzungumze juu ya shule, lakini mitihani na majengo tuyaache kando kidogo. Nataka tuwazungumzie wazazi, na ile kamati ambayo wengi wetu tunaikumbuka pale tu mtoto anapotumwa nyumbani na karatasi ya mchango.

Mwezi Machi 2020, korona ilipoenea, karibu dunia nzima ilifunga madarasa. Kufikia Aprili, shirika la UNESCO lilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni moja na nusu waliokuwa nje ya shule. Kenya ilifunga katikati ya Machi, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi, ikafungua kwa wote tarehe 29 Juni. Kongo ilifunga wiki hiyo hiyo, ikafungua kwanza kwa madarasa ya mwisho mwezi Agosti, kisha kwa wengine Oktoba, halafu ikafunga tena kuanzia tarehe 18 Desemba hadi Februari 2021. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi zote: ilifunga tarehe 20 Machi 2020, ikafungua kidogo kidogo, ikafunga tena Juni 2021, na watoto wote hawakuingia darasani hadi tarehe 10 Januari 2022.

Burundi haikufunga. Tulikuwa miongoni mwa nchi chache sana duniani ambazo watoto wake waliendelea kwenda shule. Uwanja wa ndege ulifungwa, mipaka ikafungwa, wagonjwa wetu wa kwanza wa korona wakatangazwa tarehe 31 Machi 2020, lakini kengele ya shule iliendelea kulia. Mwisho wa Juni mwaka ule Rais Ndayishimiye alitangaza korona kuwa adui mkubwa wa nchi na akaamuru bei ya sabuni ya buluu ipunguzwe nusu. Sisi wa pwani hii, tunaoishi na michikichi na kujua sabuni inakotoka, tulilielewa jambo hilo haraka.

Kama ulikuwa uamuzi mzuri au la, wenye elimu ya magonjwa wanaweza kubishana. Mimi nina neno jingine. Kwa kuwa hatukufunga, wazazi wa Kizuka hatujawahi kuulizwa swali ambalo wazazi wa Kigoma, Uvira, Nairobi na Mbarara waliulizwa siku moja asubuhi bila kuandaliwa: mwalimu na mtoto wakishindwa kukutana kwa miezi mitatu, kwa miezi tisa, kwa miaka miwili, nani anamshika huyu mtoto? Wenzetu walijibu kwa shida, wengine kwa machozi. Sisi tulipita pembeni. Na kwa maoni yangu, kupita pembeni kumetufanya tuamini kwamba jambo hili si letu.

Ni letu. Ugonjwa hauhitaji amri ya wizara ili utoe watoto darasani. Kipindupindu tunakifahamu ukanda huu wote, kuanzia tambarare ya Rusizi, Bujumbura, Rumonge, hadi Makamba, kwa sababu tunakunywa ziwa, tunaoga ziwa, na wakati mwingine tunachafua ziwa hilo hilo. Kikiingia mtaani, mama haachi mtoto aende kunywa maji asiyoyajua. Julai 2024 nchi yetu ilitangaza mpox, ugonjwa unaopita kwa kugusana, na hakuna mahali watoto wanagusana kama kwenye dawati moja lenye watoto wanne. Kisha kuna maji yenyewe. Tangu 2020 ziwa limepanda na kuingia nyumbani kwa watu. Waulizeni wakazi wa Kanyenkoko, Rumonge mjini, walioyahama makao yao wakiwa na magodoro kichwani. Familia ikihama, mtoto anahama, na daftari lake linabaki kwenye tope. Shule inaweza kuwa wazi, mwalimu yuko na chaki mkononi, na nusu ya darasa haipo.

Tena tuna watoto waliobeba kufungwa kwa shule za wengine. Warundi wengi waliokimbia mwaka 2015 walikuwa katika kambi za Nyarugusu na Nduta, Tanzania. Walikuwa Lusenda na Mulongwe, ng'ambo pale Fizi. Walikuwa Nakivale, Uganda. Korona ilipofunga shule za nchi hizo, ilifunga na za kwao. Baadaye familia nyingi zimerudi, na baadhi zimeteremkia hapa pwani. Mtoto aliyekuwa Nakivale alikaa nje karibu miaka miwili. Leo yuko darasa moja na mwenzake wa Kizuka ambaye hakukosa hata muhula. Mwalimu anamwona mzito. Hakuna aliyemweleza mwalimu huyu mtoto alikotoka, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mzazi.

Sasa turudi kwa waliofungiwa, tuangalie ndani ya nyumba zao, maana huko ndiko kuna mafunzo.

Serikali nyingi zilipofunga zilisema: mtoto atasoma nyumbani, kwa redio, televisheni, intaneti. Ilikuwa nia njema. Tanzania ilipeleka vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Kongo, Radio Okapi ilianzisha kipindi cha Okapi École, na watu wa Kivu wanakikumbuka. Uganda ilichapa masomo kwenye karatasi na kuyapeleka hadi vijijini. Lakini Agosti 2020 UNICEF ilisema watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali kwa njia yoyote. Na Kenya, nchi ambayo tunaitazama kama iliyotutangulia kwa simu na intaneti, shirika la Usawa Agenda lilipowauliza wazazi mwaka ule liliona kwamba ni watoto kama 22 tu katika kila 100 waliokuwa wakipata masomo ya kidijitali. Kama Kenya ni 22, sisi ambao nyumba nyingi hazina umeme tungekuwa wangapi?

Mimi ni mtu wa redio na naipenda redio. Lakini niseme kweli: redio peke yake haifundishi mtoto wa darasa la pili. Zanzibar walilijua hili zamani kabla ya korona. Walikuwa na kipindi cha watoto wadogo kilichoitwa Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa sauti, wanaimba, wanasimama, wanaruka. Na pembeni yao kulikuwa na mtu mzima wa kijiji, aliyefundishwa kidogo, aliyekaa na kikundi hicho kivulini, akaangalia nani hajibu. Yule mtu mzima ndiye aliyekifanya kipindi kiwe shule. Ukimtoa, inabaki sauti inayopiga kelele huku watoto wakikimbizana na kuku.

Basi mtu mzima ni nani, shule ikifungwa? Watu wakubwa wa ofisini wanajibu haraka: mzazi. Na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo familia nyingi zilipoumizwa.

Mzazi wa pwani hii ni nani? Ni mama anayeamka kabla ya adhana, anashuka ufukoni kungojea mitumbwi, ananunua ndagala, anaanika, anageuza, anafukuza ndege, kisha anapanda gari au pikipiki kwenda kuuza. Ni baba aliyelala mchana kwa kuwa usiku kucha alikuwa ziwani na taa. Ni bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuwa wazazi wao wamekwenda kutafuta Bujumbura au Tanzania. Ni mkulima anayekamua mawese kwa mikono yake. Wengi wao hawakumaliza shule, wengine hawakuianza. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa, hata ile biashara ndogo ya kuvuka na mzigo wa ndagala au jerikeni ya mawese ilikufa. Mwambie mama huyo, siku hiyo hiyo alipokosa chakula, kwamba sasa ndiye mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Atafanyaje? Ataona aibu. Na mzazi mwenye aibu humkwepa mwalimu, hukwepa mkutano, na mwisho humwambia mtoto, nenda ukachote maji.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa wote wanaopanga mambo ya shule: msimpe mzazi kazi ya mwalimu. Mpeni kazi ya mzazi, kisha msaidieni aifanye. Kazi hiyo ni kumtengea mtoto saa moja isiyo na kazi ya nyumbani, asubuhi au kabla giza halijaingia. Ni kumwambia, nisomee, hata kama mama mwenyewe hajui herufi, kwa kuwa mtoto anayesoma kwa sauti mbele ya mtu anayemsikiliza hujisahihisha mwenyewe. Ni kumuuliza, umejifunza nini, nieleze kwa Kirundi, nieleze kwa Kiswahili; na akishindwa kueleza, mama anajua pale hapakueleweka, hahitaji cheti ili ajue hilo. Ni kumkalisha kwenye meza ya ndagala na kumwambia ahesabu: mteja ametoa elfu tano, amechukua za elfu tatu na mia mbili, anarudishiwa ngapi? Hiyo ni hesabu halali kabisa. Mama wa sokoni anaijua kuliko wengi waliosoma, na hakuna mtu wa shule aliyewahi kumwambia kwamba anajua.

Nani atamwambia? Hapo ndipo kamati inaingia.

Kuna jambo lilifanyika Botswana mwaka 2020 ambalo ningependa kila mkurugenzi wa shule wa komini ya Rumonge alijue. Shule zilipofungwa, shirika la vijana linaloitwa Young 1ove lilikusanya namba za simu za familia zaidi ya 4,500 za wanafunzi wa shule za msingi. Familia nyingine zilitumiwa ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki wenye swali la hesabu. Nyingine zilitumiwa ujumbe huo, na juu yake zikapigiwa simu ya kama dakika 20 mara moja kwa wiki. Mpigaji anamsalimu mzazi, anamwomba aweke simu ili sauti isikike kwa wote, mtoto anafanya hesabu, mzazi anasikiliza. Hakuna intaneti wala simu kubwa. Kisimu cha tochi kinatosha. Walipopima baadaye, watoto waliopigiwa simu walikuwa wamejifunza zaidi. Waliopata ujumbe wa maandishi peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana. Njia hiyo ilijaribiwa tena baadaye katika nchi nyingine, Kenya na Uganda zikiwemo, na ikaonekana kufaa.

Mimi naona siri iko kwa mzazi aliyekaa pale anasikiliza. Kwa dakika 20 aliona mwanawe anaweza nini na hawezi nini. Utafiti wenyewe ulisema wazazi waliopigiwa simu walijua vizuri zaidi mtoto wao amefika wapi. Wangapi kati yetu tunaweza kusema leo, bila kufungua kikaratasi cha alama, kama mtoto wetu anajua kugawanya?

Lakini ili mwalimu apige simu, awe na namba. Awe anajua kwamba mama huyu hana simu ila jirani yake anayo, kwamba baba yuko ziwani usiku, kwamba mtoto huyu analelewa na bibi asiyesikia vizuri. Habari hizo hazikusanywi siku ugonjwa unapotangazwa. Hukusanywa siku za amani.

Majirani zetu wa Kigoma wana kitu cha kutuonyesha. Kuanzia mwaka 2014, mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uitwao EQUIP-Tanzania, ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, na Kigoma ilikuwa mmojawapo. Kamati ya shule walikuwa nayo tayari, ile inayoangalia fedha na majengo. Waliongeza kitu kingine pembeni yake, ushirikiano wa wazazi na walimu, wenyewe wanauita UWW. Kila darasa linachagua wazazi wake wawakilishi, mwanamke na mwanamume, wakae na walimu wazungumze juu ya watoto: nani haji, kwa nini haji, nani anaonewa njiani, nani ana njaa. Hawa si wasimamizi wa fedha. Ni watu wa kwenda kugonga mlango. Mzazi mwakilishi wa darasa la tatu anajua nyumba za watoto wa darasa la tatu, na mama asiyethubutu kuingia ofisini kwa mkurugenzi anaweza kumwambia mwenzake kisimani.

Kongo nako wana COPA, kamati za wazazi zenye historia ndefu na yenye uchungu, maana kwa miaka mingi mzazi wa Kongo ndiye aliyemlipa mwalimu mfukoni mwake, hadi elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa kuanza kweli kweli Septemba 2019. Miezi sita baadaye shule zikafungwa. Wazazi waliokuwa wamezoea kuitwa kwa ajili ya pesa peke yake walikuwa bado hawajajifunza kuitwa kwa jambo jingine. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu hata sisi tuko hapo hapo.

Tuseme ukweli kuhusu kamati zetu. Tangu shule ya msingi ifanywe bure mwaka 2005, watoto wetu walijaa madarasani, na nchi hii ilijenga shule kwa mikono ya wananchi. Jumamosi kwa Jumamosi, katika kazi za maendeleo, watu walibeba mawe, walifyatua matofali, walichota maji ya saruji. Wazazi wa milimani na wa ufukoni walisimama mstari mmoja. Nchi chache zinaweza kujivunia jambo kama hilo, na mimi najivunia. Lakini tulizoea kuona kazi ya mzazi inaishia kwenye tofali. Shule ikishasimama, mzazi anarudi nyumbani, na anaitwa tena paa likipeperuka. Nguvu ile ya Jumamosi ipo bado. Jamii inayoweza kukusanya watu mia moja kubeba mawe inaweza kukusanya watu kumi wa kutembelea nyumba.

Na kutembelea nyumba kunaokoa, hasa wasichana. Hapa sitaki kuzungusha maneno. Shule ikifungwa, msichana wa miaka kumi na minne anapoteza mahali pekee ambapo kuna mtu mzima anayemhesabu kila asubuhi. Uganda, mwaka 2021, Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kamwe, kwa ajili ya mimba, ndoa za mapema, na kazi. Sierra Leone iliyapitia haya kabla yetu wote. Ebola ilifunga shule zake mwaka 2014, zikafunguliwa tarehe 14 Aprili 2015, na wasichana waliorudi na mimba wakakatazwa kuingia darasani. Katazo hilo halikuondolewa hadi Machi 2020. Tanzania nayo ilitangaza Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Miaka yote hiyo ya katikati, kila mmoja wa wasichana hao alikuwa na jina, na alikuwa na jirani aliyemwona tumbo linakua akanyamaza. Mama mwakilishi wa darasa, anayepita kila wiki kuuliza hali, anaona mapema. Anaona mgeni anayeleta zawadi. Anaona msichana ameacha kutoka nje. Na kwa kuwa alipita hata siku ambazo hakuna tatizo, kupita kwake hakumtii mtu aibu.

Mwalimu pia ana familia yake. Kenya na Uganda walimu wengi wa shule za binafsi walikaa bila mshahara shule zilipofungwa. Wengine walikwenda kulima, wengine kuendesha bodaboda, na baadhi hawakurudi tena darasani. Kamati inayotembelea familia iwatembelee na walimu.

Sasa nije kwenye yale tunayoweza kufanya hapa hapa, bila kumngoja mfadhili.

Kwanza, kila darasa liwe na daftari la familia. Jina la mtoto, anaishi na nani, mtaa au mlima gani, namba ya simu ya nyumbani au ya jirani anayekubali, kama kuna redio inayofanya kazi, na ametoka shule gani kama ni mgeni. Daftari moja la karatasi, linalokaa kwa mwalimu wa darasa na kunakiliwa na mzazi mwakilishi. Lisikae ofisini kwenye kabati lenye kufuli, maana siku maji yanapoingia au ugonjwa unapotangazwa, mwenye ufunguo huwa hayupo. Na habari za familia za watu zitunzwe kwa heshima. Si za kusomwa sokoni.

Pili, tugawe watoto kwa makao. Nyumba kumi kumi tunazo tayari, tunazitumia kwa usalama na kwa msiba. Katika kila nyumba kumi hakukosekani kijana aliyemaliza shule ya msingi, au aliyefika sekondari akakwama kwa kukosa njia. Huyo ndiye mtu wa kukaa kivulini na watoto watano sita, wakiachiana nafasi kidogo kama ni ugonjwa wa kuambukiza, na redio katikati yao. Afundishwe kabla. Mwalimu mmoja anaweza kuwafundisha vijana kumi namna ya kumsikiliza mtoto akisoma, kwa siku mbili za likizo. Msikiti una madrasa, kanisa lina katekisimu. Watu hao wamezoea kukaa na watoto bila madawati, waulizwe nao.

Tatu, na hili naliweka kwa nguvu: mikutano ya wazazi iitwe kwa kalenda ya ziwa. Kila mwaka nasikia lawama kwamba akina baba hawaji mikutanoni. Mvuvi wa ndagala anafanya kazi usiku wa giza, taa ndiyo inayovuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, baba yuko nyumbani anashona nyavu. Mkutano ukiitwa katikati ya giza, umemfukuza mvuvi kabla hujamwalika. Uitwe mwezi ukiwa mpevu, alasiri, na akina mama wa ndagala waulizwe siku isiyo ya soko. Jambo hili halina gharama hata ya franka moja. Na wakulima wa michikichi nao wana majira yao ya mavuno. Wenye kupanga wayajue.

Nne, chakula. Hakuna mtoto anayesoma kwa njaa, nyumbani wala shuleni. Penye shule zenye chakula cha mchana, wazazi wanajua kuleta kuni, mihogo, maharage, zamu kwa zamu. Shule ikifungwa, sufuria ile isifungwe nayo. Kamati ipange mapema namna ya kugawa chakula kikavu kwa familia zilizo na shida zaidi, na daftari la familia ndilo litakaloonyesha ni zipi. Mtoto akija kuchukua unga, achukue na karatasi ya kazi ya wiki, arudishe ya wiki iliyopita. Kwa njia hiyo mwalimu anamwona uso, hata kama ni kwa dakika mbili tu mlangoni.

Limebaki suala la pesa, maana najua kuna msikilizaji amelishika tangu mwanzo. Kupiga simu kunakula vocha. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kupiga simu sitini kwa wiki kutoka kwenye mshahara wake, na si haki kumwomba. Naona njia mbili zinazowezekana. Apige kwa zamu, familia kumi na tano kwa wiki, akianza na zile ambazo daftari linaonyesha hazina mtu anayejua kusoma. Kila nyumba itafikiwa mara moja kwa mwezi, nayo ni mara moja zaidi ya ilivyo sasa. Na katika michango tunayotoa kila mwanzo wa mwaka, sehemu ndogo itengwe tangu Septemba, iandikwe wazi kwenye daftari la kamati kuwa ni ya vocha na usafiri wa wale wanaotembelea nyumba, isomwe mbele ya wazazi kila mkutano. Makampuni ya simu yanayobandika matangazo yao kuanzia Bujumbura hadi Mabanda yaombwe namba ya shule isiyokatwa pesa. Komini ndiyo yenye sauti ya kuomba hilo, na wazazi ndio wa kuisukuma komini. Wakikataa, zamu ya familia kumi na tano inabaki, na inaweza kuanza wiki hii, darasa moja tu, na mwalimu mmoja aliye tayari.